Mambo ya Majini, Hakuna Hatua

Oktoba katika nchi ya Unyamwezi si mwezi wa kuchezewa. Jua hukausha visima, hukausha midomo, hukausha hata machozi kabla hayajafika kidevuni, sembuse mstari mmoja wa wino. Kwa hiyo asubuhi ile Konstebo Wenceslaus alipofungua kitabu cha taarifa na kukuta mistari minne ya mwezi uliopita ingali mibichi, aliwaza kwamba mtu amemwaga maji mezani. Alichukua karatasi ya kukaushia, akaibandika, akaibandua. Karatasi ilikuja na maneno yote yakiwa yamegeuka kinyume, na kitabuni maneno yalibaki pale pale, yaking'aa. Mistari ya juu yake na ya chini yake ilikuwa mikavu kabisa.

Akalifunga kitabu polepole, kama mtu anayefunika chungu ambacho hataki kujua ndani yake kumechacha nini.

Kituo kidogo cha polisi cha Lukumbi kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Tabora mjini, kando ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi na pembe mabegani enzi za mababu. Kilikuwa na chumba kimoja cha mapokezi, meza ndefu, na chupa mbili za wino. Chupa nyekundu ilikuwa ya makosa. Taarifa ikiandikwa kwa wekundu ilipewa namba, askari alitumwa, na mwisho wa mwezi ilihesabiwa na kupelekwa mjini kwa Mkaguzi, Mwingereza mrefu aliyekuja kila baada ya miezi mitatu. Chupa ya buluu ilikuwa ya mambo yasiyo kosa, nayo yaligawanywa chini ya vichwa vinne: Ugomvi wa Nyumbani, Ulevi, Kitu Kilichopotea, na Mambo ya Majini. Kila kilichoandikwa chini ya kichwa hicho cha mwisho kilimalizwa kwa maneno yale yale mawili: Hakuna hatua. Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyesema kwamba askari wa Serikali hawafukuzi majini.

Sajini Masele, mkuu wa kituo, aligundua mapema jinsi kichwa hicho kilivyokuwa na nafasi. Mtu akisema mbuzi wake wametoweka na hakumwona mwizi, ni majini. Akisema amepigwa gizani na hakuona uso, ni majini. Miaka mitatu mfululizo Lukumbi ikasifiwa kuwa ndicho kituo chenye utulivu kuliko vyote, na Masele akaongezewa utepe begani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, alijua majina ya watoto wa kila nyumba, na alimwazima Wenceslaus baiskeli yake siku za Jumapili ili ampeleke mkewe kanisani.

Lakini kalamu hakuishika Masele. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Wenceslaus, aliyesoma misheni na kuandika herufi nzuri kuliko mtu yeyote njiani pale. Kila aliyefika mezani alitazamwa naye kwanza, na ni yeye aliyeamua mkono uende kwenye chupa ipi.

Ile mistari minne iliyokataa kukauka ilikuwa ya Apolinaria, mjane wa mrina asali, aliyeishi peke yake ng'ambo ya Kisima cha Wapagazi. Mwezi wa Septemba alikuja mara tatu. Mara ya kwanza alieleza kwamba saa sita ya mchana, watu wakiwa wamejilaza kukwepa jua, kuna anayepiga hodi mara tatu mlangoni kwake. Asipojibu, huizunguka nyumba. Mara ya pili alieleza kwamba mawe yamerushwa juu ya paa na mlango umesukumwa mpaka komeo likapinda. Mara ya tatu alisema alirudi kutoka shambani akakuta mlango umevunjwa, kigoda chake kimekaliwa, na mtungi wa maji aliouacha umejaa umenywewa wote.

Mara hiyo ya tatu alifungua fundo la khanga yake na kuweka juu ya meza kifungo cha shati, cha mfupa, kikiwa bado na uzi wa kaki.

"Nimekiokota chini ya kigoda," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanangu, jini linavaa shati?"

Wenceslaus alikitazama kifungo. Alimwuliza kama amemwona mtu huyo. Apolinaria aligeuka akatazama mlangoni, kisha akasema hakumwona. Wenceslaus alikuwa mzaliwa wa huko. Alijua jinsi mwanamke anayeishi peke yake anavyosema hakumwona, akiwa na maana kwamba akimtaja hatalala salama. Alijua pia kwamba Mkaguzi angefika mwezi uliofuata. Akakisukuma kifungo ndani ya droo, akachovya kalamu katika buluu.

Siku nne baadaye mama huyo alikutwa ndani ya Kisima cha Wapagazi, na ndoo yake ikiwa imewekwa vizuri ukingoni. Masele alisema masikini, ameteleza, au amevutwa na wenyewe wa kisima. Wenceslaus akaandika mstari wa nne: Ameonekana kisimani, amekufa. Mambo ya majini. Hakuna hatua.

*

Mgeni alikuja wiki ya pili ya Oktoba, saa sita ya mchana. Masele alikuwa amekwenda kula. Kwanza ilikuja harufu, ya udi na nta iliyoungua, kama mtu amechoma mzinga mahali fulani karibu. Kisha sauti ikapiga hodi mara tatu, na Wenceslaus, kama alivyofunzwa na mama yake, akajibu karibu.

Aliyeingia alikuwa mzee mwembamba wa umbo la mpagazi, begani ana sugu nene kama kwato, miguu ina vumbi mpaka magotini. Hakuwa na jasho. Wenceslaus aliliona hilo kwanza, maana yeye mwenyewe shati lilikuwa limemgandia mgongoni. Akamwuliza ana shida gani.

"Nimekuja kushtaki," alisema mgeni. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, cha kizamani, laini. "Nimesingiziwa."

Wenceslaus akafungua kitabu, akauliza kasingiziwa na nani.

"Na wewe."

Kalamu ilisimama hewani. Mgeni alieleza bila haraka, kama mtu anayesimulia safari. Alisema alikuja na misafara kutoka pwani, ndani ya kasha la udi la bwana mmoja aliyekufa kwa ndui pale pale penye kisima. Tangu siku hiyo amekaa kisimani hajamgusa mtu. Amesikia vilio vya wapagazi, ameona wenye bunduki wakiwatupa wagonjwa vichakani, na hajawahi kufanya lolote kati ya yale ambayo binadamu waliyafanya mbele ya macho yake. Sasa ameandikwa. Ameandikwa mwizi wa mbuzi, mvunja milango, mpiga watu, mara kumi na saba kwa hesabu yake, na mwishoni muuaji wa mjane aliyekuwa akimsalimu kila alipokuja kuteka maji.

"Na kwetu sisi," alisema mgeni, "kilichoandikwa kina nguvu. Nyinyi mnaandika mkasahau. Sisi tukiandikwa, tunafungwa. Umeandika kwamba napiga hodi mara tatu saa sita ya mchana. Basi, napiga. Nitafanya yote uliyoyaandika, mstari kwa mstari."

"Nyumbani kwa nani?" Wenceslaus aliuliza.

"Wenye nyumba wengine hawakuniandika."

Mgeni alisimama kidogo, akiitazama droo. Wenceslaus alielewa baadaye, alipokuwa na muda mwingi wa kuelewa, kwamba alikuwa akingoja kuulizwa jambo moja. Aliyaona yote yaliyotendeka kisimani. Jina la mwenye kifungo alikuwa nalo mdomoni, na neno moja tu la kuuliza lingelitoa. Wenceslaus hakuuliza. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kitabu, na alipoinua macho pale mlangoni palikuwa na jua tupu.

*

Mkewe, Marcelina, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wao wa kwanza, Alois, aliishi siku tisa; wa pili hakulia kabisa. Huyu wa tatu walikuwa wakimbeba wote wawili, mke tumboni na mume rohoni, na hawakuthubutu hata kumnunulia kitambaa.

Siku iliyofuata, Wenceslaus alipofika nyumbani, Marcelina alimweleza kwamba mchana kuna sauti ya mzee ilipiga hodi mara tatu. Alikuwa amelala, akachelewa kuitika, akasikia nyayo zikiizunguka nyumba. Alipochungulia hakumwona mtu, ila alisikia harufu nzuri kidogo, kama ya kanisani.

"Labda ni mgeni amepotea njia," alisema. "Mbona umebadilika rangi, Baba Alois?"

Siku ya tatu yake mawe yalinyesha juu ya paa lao la bati, moja moja, kama mtu anayehesabu, na mlango ukasukumwa kutoka nje mpaka komeo likapinda, bila mkono kuonekana. Usiku ule Marcelina hakulia. Alikaa kitandani amelishika tumbo lake kwa mikono miwili, na asubuhi akamtuma jirani kwenda kumwita shangazi yake, Ngollo, mfumu, mganga aliyeheshimiwa mpaka upande wa Urambo.

Ngollo alifika na mfuko wake wa ngozi, lakini hakuufungua. Aliizunguka nyumba, akanusa mlango, akaketi, akaomba maji, akanywa. Kisha akamwambia Marcelina aende akapumzike, na alipobaki na mkwewe alimtazama muda mrefu.

"Huyu hakujituma," alisema. "Anayekuja mwenyewe namfukuza. Anayetumwa na mchawi namrudisha kwa aliyemtuma. Huyu kaitwa kwa mkono wa mtu, na mkono wenyewe una wino."

Wenceslaus akamweleza yote. Alimweleza kuhusu chupa mbili, kichwa cha nne, kifungo ndani ya droo. Mama yule alisikiliza akitikisa kichwa, si kwa mshangao bali kwa uchovu, kama mwalimu anayesahihisha kosa lile lile kwa mara ya mia.

"Hata mimi ninayeishi kwa kuagua," alisema, "wakinijia watu kumi, wanane nawaambia nendeni mkasemezane, hakuna jini hapo, kuna binadamu. Na wewe mwenye kofia ya Serikali unawaambia ni jini?" Akaiweka kata chini. "Amefika mstari wa ngapi?"

"Wa pili."

"Na wa nne ni upi?"

Wenceslaus alitazama kule alikolala mkewe.

"Basi sikiliza. Bado anapiga hodi. Maadamu anapiga hodi ni mgeni, na mgeni huweza kuondoka. Nenda kafute ulichoandika, uandike kilicho kweli, na wakubwa zako wakikubali, ataondoka. Lakini wakikataa, kisha ukisikia kimya saa ile aliyozoea, mkwe wangu, usinitumie mtu. Mwenye nyumba hapigi hodi."

*

Alifika kituoni kabla ya wote. Alifungua chupa nyekundu, ambayo ilikuwa imekaa muda mrefu hata wino ukaota utando juu, akauchokonoa kwa ncha ya kalamu. Kisha akaanza. Alikata mstari wa buluu, akaandika juu yake kwa wekundu: Wizi wa mbuzi. Uchunguzi unahitajika. Akakata mwingine: Shambulio. Uchunguzi unahitajika. Na kila alipokata, alimkumbuka aliyesimama mbele ya meza siku ile, namna alivyovua kofia, namna alivyongoja kuambiwa kwamba Serikali itakuja, na mistari ilivyozidi kukatwa ndivyo mkono ulivyozidi kuharakisha, kwa sababu jua lilikuwa limeshapanda juu ya miti na kila dakika ilikuwa ikimsogeza mgeni karibu na mlango wa nyumba ambamo Marcelina alikuwa peke yake na mtungi wake wa maji na kigoda chake. Kumi na tatu. Kwa Apolinaria aliandika kirefu: kwamba mjane huyu aliarifu mara tatu, alileta kifungo, na mimi mwandishi nilijua kwamba ni mtu nikaandika kwamba ni jini. Akakitoa kifungo, akakiweka juu ya ukurasa.

Wino mwekundu ukakauka papo hapo. Wenceslaus aliufuata kwa kidole, ukawa mkavu kama chokaa, na machozi yakamtoka. Saa sita ya mchana siku ile ikapita Marcelina akishona, bila jiwe wala nyayo. Siku ya pili vile vile. Usiku wa siku hiyo uchungu ulimshika kabla ya wakati wake, na alfajiri akajifungua mtoto wa kike. Mtoto alilia kwa nguvu mpaka majirani wakacheka.

Masele alikiona kitabu asubuhi hiyo hiyo. Wenceslaus alikuwa amejitayarisha kwa matusi, hata kwa pingu. Hakuna kilichokuja. Sajini alisoma ukurasa hadi ukurasa, akakiokota kile kifungo, akakigeuza vidoleni, akakitia mfukoni mwake.

"Umechoka, ndugu yangu," alisema kwa upole. "Umepoteza watoto wawili, na huyu wa sasa amekutia hofu. Nenda ukae na mkeo. Mkaguzi anakuja kesho, nitamweleza mimi."

"Mweleze yaliyoandikwa, afande. Naomba hilo tu."

"Nitamweleza," alisema Masele, akamshika bega. "Mtoto mmempa jina gani?"

Wenceslaus alimwambia Getruda. Sajini alisema ni jina zuri, akampa kuku mmoja amchinjie mzazi.

*

Siku ya tatu baada ya hapo, karibu na saa sita, alikuja Raymundi, karani mpya kutoka mjini, amebeba kofia ya Wenceslaus na viatu vyake vya akiba ndani ya gunia. Alikuwa kijana wa adabu. Aliamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akasimama kivulini mwa ukuta asijue aanzie wapi.

Alisema Mkaguzi alifika. Alikitazama kitabu, akakunja uso kwa ile mikato mingi, akauliza ni nini. Sajini akamweleza. Mkaguzi alisikitika sana, akasema mtu huyo apumzishwe kazi kwa heshima, asiadhibiwe. Kitabu kichafu kisikae ofisini. Kinakiliwe upya, kile cha zamani kichomwe. Yeye Raymundi alikesha akinakili.

"Ulinakili ipi?" Wenceslaus aliuliza. "Ya buluu au nyekundu?"

"Ya chini, mzee. Ile ya kwanza. Afande alisema ile ya juu ni ugonjwa." Raymundi alikuwa akijipangusa kidole gumba kwenye suruali, akikitazama, akijipangusa tena. "Na mwisho aliniambia niongeze taarifa moja, ili karatasi zako mjini ziende sawa. Si jambo baya. Haina hata namba."

"Nisomee."

Kijana alikuwa ameikariri. Alitazama chini.

"Konstebo Wenceslaus wa Lukumbi ameingiwa nyumbani kwake. Mambo ya majini. Hakuna hatua."

Mahali pale palikuwa na jua kali la kupasua mawe. Raymundi akainyoosha mikono yake mbele, kwa aibu, kama mwanafunzi anayeonyesha kucha, na gumba lake la kulia lilikuwa la buluu, likichuruzika.

"Niliandika asubuhi mapema," alisema. "Wino wa hapa mnaupata wapi? Haukauki."

Wenceslaus hakumsikia vizuri. Alikuwa akisikiliza mlango wake. Kivuli chake kilikuwa kimeingia chini ya miguu. Saa yenyewe ilikuwa imefika. Alingoja ile sauti laini ya pwani, akaitamani, akaiomba kama alivyowahi kuomba uhai wa Alois, mara moja tu, hata mara moja. Majani hayakutikisika. Jogoo wa jirani hakuwika. Hodi haikupigwa.

Ndipo harufu ikamfikia, ya udi na nta iliyoungua, nayo haikutoka njiani. Ilitoka ndani ya nyumba. Alisikia kigoda kikilia kama kinavyolia mtu mzima anapokikalia, kisha kifuniko cha mtungi kikiondolewa bila haraka, na kata ikichota, na kuchota, na kuchota, kwa utulivu wa mtu aliyerudi kwake baada ya safari ndefu, mpaka kata ikakwaruza udongo mtupu wa chini, na kifuniko kikarudishwa mahali pake.

Marcelina akatokea mlangoni. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala. Alikuwa akitabasamu kidogo, macho yake mazito kwa usingizi, na mkononi alikuwa na ndoo.

"Ajabu," alisema. "Mtungi niliujaza asubuhi." Akampita mumewe, akashika njia ya kisimani.